Baba Anasema Mimi Ndo Macho Yake Uwanjani, Kochi Anataka Nimpishe

Shikamoo Shangazi,

Mi ni msomaji wako wa kimyakimya, nasoma ya wenzangu najisemea afadhali yangu, leo zamu imenifikia. Naomba jina usiweke maana kwenye gofu ya wasioona tunajuana wote.

Baba yangu anacheza gofu. Alianza zamani macho yakiwa mazima, na alikuwa anacheza vizuri tu, baadaye presha ya macho ikamwanza taratibu bila maumivu yoyote, tunakuja kushtuka imeshafika mbali. Alipoambiwa kilichopotea hakirudi alijifungia ndani, mfuko wake wa fimbo ukahamia nyuma ya mlango, ukitaja gofu anatoka anaenda kulala. Mi ndo niliyemrudisha. Nilisoma sehemu kwamba kuna mashindano ya wasioona na wenye uoni hafifu na mchezaji anaruhusiwa kuwa na mwongozaji, nikamwambia baba twende, mi ntaangalia we utapiga. Akacheka, na alikuwa hajacheka muda mrefu.

Kwa wasioijua hii kazi niwaeleze kidogo. Gofu mwenyewe sichezi, hata leo ukinipa fimbo mpira hauendi popote pa maana, ila kuongoza nimejifunza. Tukifika ulipo mpira namwambia tumebakiza mita ngapi, bendera iko upande gani, upepo unatoka wapi, banka, yaani shimo la mchanga, iko wapi na maji yako wapi. Anachagua fimbo. Akishasimama mi nachuchumaa, nashika kichwa cha fimbo nakikalisha nyuma ya mpira, nageuza uso wake mpaka uelekee tunakotaka, naangalia nyayo zake, naangalia mabega, halafu nasema "sawa baba" nakaa pembeni, anapiga. Tukifika grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe, tunatembea wote kutoka kwenye mpira hadi shimoni, yeye anahesabu hatua huku anausikiliza mteremko kwa miguu. Ni kitu kizuri sana Shangazi, nisikufiche, ukiuona mpira unaingia na yeye ameusikia unavyogonga ndani ya shimo kabla hata hujamwambia, unasahau uchovu wote.

Mwanzoni tulikuwa chanda na pete. Yuko kundi la B3, lile la wanaoona kidogo, enzi hizo nikimwonyesha upande tu bendera anaikisia mwenyewe, siku hizi ananiuliza mara mbilimbili iko wapi, iko wapi, mpaka unachoka kujibu. Sasa tatizo lenyewe ni hili, mpira ukienda vizuri amepiga yeye, ukienda vibaya nimemwelekeza vibaya mimi. Mashindano yaliyopita kuna shimo lina maji kulia, nikampanga vizuri nikahakikisha, akapiga, mpira ukaenda majini. Akaropoka pale pale, "umenipanga kulia!", watu wote wanasikia. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kundi moja alikuwa amesimama nyuma yetu akamwambia fimbo ilikaa sawa kabisa, wewe ndo umefungua bega. Baba hakujibu. Tukamaliza mashimo yaliyobaki ananijibu "ehe" na "sawa" tu, ndani ya gari kimya, na kesho yake asubuhi ananiuliza mazoezi saa ngapi utadhani hamna kilichotokea.

Mi nimeajiriwa Shangazi, likizo zangu zote zinaishia kwenye nyasi. Kuna mtu tuna mipango ya kuoana, kila akiuliza lini namwambia yakiisha haya mashindano, yakiisha haya yanakuja mengine, na ameanza kunyamaza ule unyamavu usio mzuri.

Sasa juzi kati kuna kochi mmoja aliyewahi kuwa kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, anaijua gofu haswa, akanivuta pembeni. Akasema baba yako ana kitu, kuna mashindano makubwa nje ya nchi yanakuja, mimi nasoma grini kuliko wewe, nipishe nimpeleke mbali. Halafu akaongeza, usimwambie kama tumeongea, sema tu kazi imekubana. Nikajisikia nafuu hapo hapo, kama mtu aliyetuliwa gunia. Usiku sasa nikajikuta namchukia yule kochi, namuwaza amechuchumaa pale ninapochuchumaaga mimi, machozi yananitoka, sielewi nalia nini.

Mama anasema nikijitoa baba atarudi kujifungia. Kaka zangu wanasema wewe ndo uliyeanzisha, malizana nayo. Baba mwenyewe akipata wageni ananishika bega anasema "huyu ndo macho yangu". Na usajili unakaribia kufungwa, fomu ina sehemu ya jina la mwongozaji. Niandike la nani?

Binti wa Uwanjani

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia, na ile sehemu ya mpira kugonga ndani ya shimo nimeisoma zaidi, maana pale ndo nimejua siongei na mtu anayetafuta njia ya kumkimbia mzazi wake. Unaipenda hii kazi na imekuchosha, yote mawili kwa pamoja, na nadhani umekuwa ukijilazimisha uchague moja lipi ni kweli. Kilio cha usiku ule mi sikioni kama ni cha ajabu. Mtu akitaka kukutua mzigo unashukuru, akitaka kukutoa kwenye nafasi yako kwa baba yako unaumia, na yule kochi alivitaka vyote kwa sentensi moja.

Kwa nilivyokuelewa umebanwa hivi. Umechoka, unalaumiwa kwa mikwaju usiyoipiga wewe, maisha yako yanasubiri, kuna mtu mwenye ujuzi kukuzidi yuko tayari, ila unaogopa ukitoka utakuwa umemrudisha baba nyuma ya ule mlango. Na fomu inakukimbiza.

Kabla ya fomu ngoja nikuulize kitu. Kwenye barua yako mama amesema, kaka zako wamesema, kochi amesema, hadi yule mzee wa nyuma yenu amesema. Baba amesema wapi? Kuna "umenipanga kulia" na kuna "huyu ndo macho yangu", moja kaisema ana hasira, nyingine kaisema mbele ya wageni, na wote tunajua maneno ya mbele ya wageni yalivyo. Kwamba baba anataka uendelee, kwamba atavunjika ukitoka, hayo ni ya mama na ni ya kwako. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia na yeye anajiuliza binti yangu atanivumilia mpaka lini, anashindwa pa kuanzia, anabaki kuuliza mazoezi saa ngapi kwa sababu ndo njia pekee aliyonayo ya kuuliza kama bado upo. Sijui, wala wewe hujui, anayejua yuko hapo nyumbani kwenu.

Halafu kuna kamstari umekapitisha haraka sana, kwamba zamani bendera alikuwa anaikisia mwenyewe na siku hizi anakuuliza mara mbilimbili. We umekaandika kama kero. Mimi nimekasoma nikasimama. Presha ya macho kawaida huanza kula pembeni, uwanja wa kuona unabana taratibu, na mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa huku akidhani anaona vilevile kwa sababu ubongo unamjazia mapengo. Kilichopotea hakirudi kama mlivyoambiwa, ila dawa na matibabu hulinda kilichobaki, ndo maana hospitali haiachwi hata kama mtu ameshajikubali. Mara ya mwisho kupimwa lini? Dawa bado anaweka? Sisemi macho yake yameshuka, mimi siyo daktari na sijamwona. Nasema tu mtu ambaye jana alikuwa na kamwanga na leo anaona kanapungua, halafu hataki kukisema hata kwa nafsi yake, anaweza kabisa kumfokea aliye karibu kwa kitu ambacho hakihusiani na maji wala bega.

Na hili lina upande wake wa mashindano pia. Kwa vipimo vya IBSA, lile shirikisho la kimataifa la michezo ya wasioona, B3 ni yule ambaye uoni wake ni zaidi ya 2/60 mpaka 6/60, yaani kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60 yeye inabidi akisogelee mita 6. Chini ya hapo unaingia B2, na B1 ni wale wasioona kabisa au wanaopata mwanga tu. Kama ameshuka na bado anashindana na B3, anapambana na watu wanaomzidi macho, kila mkwaju unaoenda vibaya anajiona amekwisha kimchezo kumbe uwanja wenyewe hauko sawa. Kupimwa upya siyo kushushwa cheo, ingawa naelewa kabisa kwa mtu aliyewahi kuona, kusogezwa kundi kunavyouma.

Sasa tuje kwenye lawama, maana hapa naona mmechanganya kazi mbili. Sheria za gofu kuanzia Januari 2023 zimeingiza moja kwa moja ndani ya kitabu kikuu Kanuni ya 25, ya wachezaji wenye ulemavu, na asiyeona anaruhusiwa kuwa na msaidizi wa kumsaidia kusimama, kumpanga na kumpa ushauri. Hata kusimama nyuma kwenye mstari wa mpira wakati anajiandaa unaruhusiwa, kitu ambacho kedi wa mchezaji wa kawaida amekatazwa. Ila mkwaju ni wa mchezaji. Ukishasema "sawa baba" ukakaa pembeni, kazi yako imekwisha pale, kinachofuata ni bega lake na kiuno chake, na hata Charley Boswell, yule askari wa Marekani aliyepofuka vitani 1944, akaanza gofu akiwa tayari haoni na akachukua ubingwa wa taifa wa wasioona mara 16, mpangaji alimpanga lakini hakuna aliyempigia.

Ila nimtetee na baba kidogo. Ukivunja kanuni wewe mwongozaji, adhabu inaandikwa kwenye kadi yake yeye. Na anapiga kuelekea mahali asipopaona kwa neno lako tu, mpira ukipotea hana namna ya kujua imekuwaje isipokuwa aambiwe. Wewe na yule mzee mliona bega limefunguka. Yeye alichokipata ni sauti ya mpira kuingia majini na watu kunyamaza. Najiuliza kama baada ya mkwaju huwa mnaambiana nini kimetokea kwa utulivu, umeanzia wapi, umepinda vipi, umeangukia wapi, au mnasonga tu na kila mtu na moyo wake. Waongozaji wengi huo mkwaju uliokwisha huusimulia kama wanavyousimulia unaokuja. Labda na nyie mnafanya, hukuniambia.

Kuhusu kochi. Huenda ni mtu mzuri na nia yake ni njema, kusoma grini ni ujuzi kweli na mwongozaji asiyecheza gofu ana mahali atafika akwame. Lakini anataka umdanganye baba yako kuhusu mtu atakayemshikia fimbo. Hebu fikiria siku akijua, na atajua maana umesema wenyewe mnajuana wote, atamwaminije yule mtu akimwambia geuza kidogo kushoto? Kwenye mchezo ambao neno ndo kila kitu, kuanza na uongo mi naona ni hatari, hata uwe uongo wa kistaarabu kama "kazi imenibana". Kama anamtaka baba, baba yupo, ana masikio, amuombe mwenyewe. Hata mbele yako akitaka.

Sasa unaweza kufanya nini. Unaweza kuendelea, ila kwa makubaliano mapya, mashindano mangapi kwa mwaka, likizo ipi ni ya gofu na ipi ni ya kwako na huyo mwenzio, na kwamba kufokeana mbele za watu basi. Hatari yake ni kwamba makubaliano ya hivi kati ya mtoto na mzazi huwa matamu wiki za mwanzo, presha ya mashindano ikipanda kila mtu anarudi alivyokuwa, na ukiendelea kwa sababu ya hofu ya mama tu utaanza kumchukia baba taratibu bila kujua.

Unaweza kumpisha kochi kabisa. Baba anaweza kupaa, na wewe ukarudi kuwa binti wa kumuuliza imekuwaje leo badala ya kuwa binti wa kulaumiwa. Wengine wanacheza vizuri sana na mtu asiye wa damu yao, Zohar Sharon wa Israel, ambaye haoni kabisa, ametwaa mataji akiongozwa na rafiki yake Shimshon Levi. Wengine ni familia, Jeremy Poincenot wa Marekani alipoteza uoni akiwa na miaka 19, baba yake akawa mwongozaji wake, na mwaka 2010 akawa bingwa wa dunia wa gofu ya wasioona. Kwa hiyo ukiniuliza damu inasaidia au inaharibu, sina jibu. Hatari ya kumpisha ni kwamba sauti ngeni inachukua muda kuzoeleka, na kuanza na mwongozaji mpya kwenye mashindano makubwa, ugenini, ni kujitafutia presha. Na kuna hatari nyingine ya upande wako, kwamba baba akifanya vizuri na kochi utaumia, akifanya vibaya utajilaumu. Jiandae kwa yote mawili.

Kuna njia ya katikati ambayo sijaona ukiigusa. Kanuni inamruhusu msaidizi mmoja tu kwa wakati mmoja, lakini haimkatazi kuwa na kedi pembeni. Maana yake kochi anaweza kumpanga na kumsomea grini, wewe ukabeba mfuko na kuwa karibu. Inasikika tamu, ila sasa mtakuwa watu watatu kwenye mpira mmoja, na baba akizoea kugeukia sauti yako kila akibabaika, kochi atashindwa kazi. Hiyo inataka wewe uweze kunyamaza. Unaweza? Ni swali la kweli, sikutegi. Au kochi aanze kwenye mazoezi tu bila kuandikwa popote, muone sauti yake inakaaje kwa baba, hata huyo kochi naye ajue kumpanga mzee mwenye hasira siyo lelemama.

Kaka zako nimewaweka mwisho makusudi. "We ndo uliyeanzisha malizana nayo" ni maneno rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kuchuchumaa, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuongoza kunahitaji macho, subira na mafunzo kidogo, siyo jinsia. Hata wewe ulianza hujui kitu. Sijui kama hawawezi au hawajawahi kuombwa, ila naona ajabu familia nzima ina maoni juu ya gofu ya baba na mmoja tu ndo ana matope kwenye viatu.

Ukiamua kuongea naye usiongelee uwanjani wala kwenye gari mkitoka mashindanoni, pale kila mtu ana joto. Tafuta siku ambayo hamna gofu, mkae karibu, na kwa sababu uso wako haoni vizuri usitegemee asome huzuni yako machoni, iweke kwenye maneno. Unaweza kuanza na swali badala ya malalamiko, "baba, hivi ukinisikia nasema sawa, unaniamini kiasi gani siku hizi?" halafu umuache amalize, hata akinyamaza muda mrefu. Kama anataka kukwambia kuhusu macho yake huenda akaanzia hapo hapo. Yale maneno ya siku ya maji mwambie yaliuma, kwa sentensi moja, usimpangie hesabu ya miaka yote. Na ombi la kochi mwambie lipo. Atakasirika, atacheka au atasema nilishajua, yote yanawezekana, ila angalau safari hii atakuwa anachagua yeye nani amshikie kichwa cha fimbo, na wewe utakuwa unachagua kama unataka kuwa huyo mtu.

Huyo mwenzio naye umweleze ulichoniandikia mimi, siyo "yakiisha haya mashindano". Anaweza kuvumilia jambo analolijua kuliko asilolijua.

Fomu usiijaze kwanza. Wapigie waandaaji uwaulize mambo matatu: jina la mwongozaji linaweza kubadilishwa mpaka lini, wanaruhusu msaidizi na kedi kwa pamoja kwenye masharti yao, na cheti cha macho wanakitaka cha tarehe ipi. Hilo la mwisho likikupa sababu ya kumpeleka baba kliniki bila ugomvi, itumie.

Shangazi